Mkaa wa Vifuu na Maji Mekundu

Jumatatu, 7 Septemba 1987
Nimepika rangi nyekundu tangu asubuhi. Shuka za arusi za duka la Bwana Karim, Usagara, zimetoka vizuri mno. Nani mwingine hapa Mabawa anaitoa nyekundu ya namna hii? Hakuna. Kiwanda cha nguo kilipofunga idara yetu ya rangi kwa kukosa vipuri, watu walidhani nitaishia kukaanga maandazi. Sasa rangi zimerudi madukani, nami kiwanda ni mimi. Maji machafu nimemwaga shimoni nyuma ya nyumba, kama siku zote. Mgongo unauma.

Jumatano, 9 Septemba
Bi Time, jirani yangu Mpemba, kaja alfajiri na beseni jeupe. Ndani, maji ya kisima chake. Mekundu. Si sana, lakini mekundu. "Mwanangu, maji yakigeuka rangi hayafai kutilia udhu." Mtaa mzima unatilia udhu pale. Shimo langu liko juu kidogo ya kisima; sikuwahi kulifikiria hilo. Nimeona haya, kisha hasira, kisha haya tena. Mzee Sefu, balozi wetu wa nyumba kumi, kasema nisipopata njia ya kuyasafisha maji yangu hadi Ijumaa ya wiki ijayo, nifunge kazi.

Alhamisi, 10 Septemba
Shimo nimelifukia. Maji machafu nayatia kwenye pipa. Nimemwamkia Bi Time shikamoo, hakuitikia. Huyu ndiye aliyenikanda nilipomzaa Zuhura. Imeniuma kuliko maneno ya balozi.

Jumamosi, 12 Septemba
Mkaa. Mama alikuwa akitia kipande mtungini kuondoa harufu. Kama mkaa hunywa harufu, na unywe rangi. Nimechoma vifuu vya nazi ndani ya debe lililofunikwa, nikatwanga, nikajaza ndoo niliyoitoboa, mchanga chini. Nikamimina maji ya pipa.

Yakatoka meusi. Majirani wamecheka mpaka kushika mbavu. Mmoja kauliza kama kesho natoa ya kijani. Nikauosha mkaa, nikamimina tena. Weusi umekwisha, wekundu umepungua tu. Ndoo nimeipiga teke. Kidole kimevimba.

Jumatatu, 14 Septemba
Shabu!

Nilikuwa nalowesha shuka kwenye maji ya shabu, jiwe lile jeupe la vinyozi, maana bila shabu nguo hutema rangi. Nikasimama na shuka mkononi, inachuruzika miguuni. Kumbe mkaa nao niufanye nguo, ushike rangi. Nimenunua shabu yote aliyokuwa nayo kinyozi wa barabara ya pili. Kauliza nataka kumnyoa nani. Mkaa uko ndani ya shabu mpaka kesho, kisha niukaushe na kuuchoma tena kidogo.

Jumatano, 16 Septemba
Meupe! Nimemimina maji ya pipa, polepole, kikombe kwa kikombe. Chini yametoka meupe. Nimeyatia kwenye bilauri, nikaiinua juani, nikapiga vigelegele peke yangu uani. Zuhura katoka mbio akidhani kuna arusi. Nimefanya mimi. Mimi!

Ila mkaa huchoka. Ukishiba huanza kupitisha wekundu, lazima niubadilishe. Sawa. Hata mimi huchoka.

Ijumaa, 18 Septemba
Mzee Sefu kaja baada ya sala na nusu ya mtaa nyuma yake. Nikamimina mbele yao. Yakatoka meupe. Waliocheka Jumamosi ndio waliosogea mbele kabisa. Balozi kainua bilauri, kaniambia ninywe. Nimekataa. Rangi imetoka, kingine kilichobaki humo sikijui, na sitamdanganya mtu. Maji haya hayanywewi, wala hayamwagwi tena karibu na kisima. Nayatumia kupikia rangi nyingine. Kanitazama, kisha kacheka. Kasema niendelee na kazi.

Kichwa kimenivimba leo na sijali. Bi Time hakuja.

Jumapili, 27 Septemba
Kisima nakiteka kila asubuhi, namwaga mbali, barabarani. Kwa hiki mkaa hausaidii, ni mikono tu. Bado maji yana wekundu wa mbali. Bi Time ananitazama kutoka dirishani. Haniambii niache, haniambii niendelee.

Jumatano, 7 Oktoba
Shuka za Bwana Karim zote zimekwenda, kaagiza nyingine. Mama mmoja wa mtaa wa pili, anayetia rangi ukili wa mikeka, kaja kuomba nimfundishe mkaa. Nimemfundisha. Nimejifanya nina haraka, lakini nimemweleza mara mbili.

Ijumaa, 16 Oktoba
Alasiri. Bi Time kachota maji, kayamimina kwenye lile beseni jeupe, kayatazama muda mrefu. Nilikuwa naanika shuka. Nikaendelea kuanika. Akanawa mikono, akasukutua, akaosha uso, mikono hadi viwiko, akapaka kichwa, akaosha miguu.

Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Akachota tena, akanisogezea kata. Kucha zangu bado nyekundu. Nimetia udhu, tukasali kwake.