Ahadi Aliyoiacha Marehemu

Mjukuu wangu Salum,

Nakusalimu kutoka huku kwetu Al Hail. Sote wazima, na dada yako kajifungua salama. Ila tangu uniulize lile swali, silali vizuri.

Unasema baba wa mshirika wako wa biashara, Myahudi, alimuahidi fundi cherehani kuwa hatotolewa dukani mwenu. Sasa mzee kafa, na sheikh wao, wanayemwita rabi, kasema sharia yao yawataka watoto watimize neno la marehemu. Nawe unaogopa biashara yenu itakwama kwa kukosa nafasi, ndipo ukaniuliza kama ahadi ya marehemu yakufunga nawe.

Hofu hiyo naijua. Baba yangu alipofariki Unguja, alikuwa kamuahidi Bi Mwanakheri, mjane, kuwa atauza uji barazani petu maisha yake yote. Kaka yangu Seif akataka kumtoa, duka lipanuke.

Mama akamuuliza, "Baba yako angekuwa hai, ungemtoa?"

Asubuhi yake Seif akamsaidia bibi yule kutua chungu chake, ingawa hakujua tutakula nini. Duka halikupanuka. Tuliishi kwa wasiwasi, lakini tuliishi, na Bi Mwanakheri alikaa pale mpaka Mungu alipomchukua.

Nnakuombea, mwanangu.

Bibi yako,
Zuhura