Na Asipokula?

Jumatatu, 8 Septemba
Rahma katumbukiza vizibo vya drafti vya baba yake kwenye uji. Vyote. Kakoroga, kachota kimoja na kijiko, kaniletea mdomoni. "Mama, am." Nimecheka mpaka nimekaa chini. Miaka miwili hajatimiza, ana roho ya kulisha watu. Baba yake akirudi kutoka machinjioni Vingunguti hatacheka.

Ubao wa chesi sina. Nachezea kichwani, kama dada Neema anavyotufundisha pale Mtoni kila Jumamosi. Unafumba macho, unaona visanduku vyote, unamtembeza farasi bila kumgusa. Tarehe ishirini tuna mashindano Sinza. Atakayefanya vizuri atamsaidia dada Neema kufundisha watoto wa shule. Mie niliyeishia kidato cha pili, niitwe mwalimu. Naitaka nafasi hiyo. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimemsuka mama Salma wa chumba cha pili. Nywele za visanduku. Kichwa chake nimekifanya ubao. Farasi kaanzia shingoni, karuka, karuka, kafika kwenye paji la uso. Mama Salma kanigeukia: "We shoga, unanisuka au unanitafuta chawa?"

Lakini nimeuona ubao wote. Mara ya kwanza. Raha sana.

Jumamosi, 13 Septemba
Aibu leo. Rahma kalala kwenye khanga pembeni, mie nimesimama mbele, macho nimefumba. Dada Neema kaniuliza mpango wangu. Nikasema: nampa mpinzani askari wa bure, anamla, njia ya kwa mfalme wake inafunguka, farasi wangu anaingia. Nikajiona bingwa.

"Na asipomla?"

Wenzangu wakacheka. Dada Neema hakucheka. Kasema hiyo ni drafti, ipo kichwani mwangu. Kweli. Marehemu baba alinifundishaga drafti nikiwa mdogo, na kwenye drafti ukiwekewa lazima ule. Chesi hailazimishi mtu. "Kila ukimpa kitu mwenzio, jiulize, asipokichukua je?"

Nimerudi nimenuna njia nzima. Mtu gani anaacha cha bure?

Jumatano, 17 Septemba
Sinza watoto hawaruhusiwi ukumbini. Baba Rahma Jumamosi yuko machinjioni. Kabaki wifi Mwajuma, dada yake, tunayekaa naye.

Nimempangia. Leo nimemsuka kutwa, nywele ndogondogo mpaka vidole vimekufa ganzi. Sijamtajia Jumamosi. Acha kwanza ajione kwenye kioo. Asubuhi yenyewe nitamwachia Rahma na uji tayari. Atakataaje na kichwa kile?

Baba Rahma nimemwambia. Kacheka. "Mke wangu kawa profesa! Haya, mtoto akipata wa kumshika, nenda."

Jumamosi, 20 Septemba
Sikwenda.

Wifi katoka chumbani kavaa kitenge kipya. Nywele zangu zinang'aa. Anakwenda harusini Mbagala. Nikamwambia, wifi, nilitaka uniangalizie Rahma. Kanitazama kama nimemtukana.

"Kwani tulikubaliana?"

"Si nimekusuka?"

"Ulinisuka, ahsante. Ungesema, wifi. Mie mganga, nitajua?"

Akaenda. Mama Salma yuko msibani. Nimempigia dada Neema, kasema mlangoni hawatamruhusu mtoto, na yeye hana la kufanya. Nimefua. Nimefua na nguo zilizokuwa safi.

Baba Rahma karudi. "Profesa, umeshinda?" Nikamweleza. Kasema ningemwomba Mwajuma mapema, akaendelea kula. Nimechukia hata anavyotafuna.

Jumapili, 21 Septemba
Nafasi kapewa msichana wa Sinza. Hana mtoto, hana wifi.

Nimemchukia Mwajuma tangu alfajiri, sasa nimechoka. Kibaya ni kwamba hakusema uongo. Hatukukubaliana. Nilimwekea nikajua atakula tu.

Na si yeye peke yake. Baba Rahma nilimhesabu hivihivi. Nikiacha shule atanioa. Akinioa atanirudisha shule. La kwanza alichukua. La pili hata hakuliangalia. Sikumuuliza. Miaka inakwenda nasubiri mtu ale nilichomwekea.

Nimelia. Rahma kanifuta machozi kwa mkono wenye mchuzi. Sasa macho yanawasha.

Jumanne, 23 Septemba
Mvua kidogo asubuhi. Dada Neema kaniandikia kwamba kuna mashindano mengine mwishoni mwa mwaka, Jumamosi hii tunafanya mazoezi kama kawaida.

Nimekaa kizingitini, Rahma kalalia paja langu. Nimefumba macho. Ule mpango wangu wa askari wa bure, nimeuweka tena. Akimla, nilishaona. Asipomla? Nimesubiri. Ubao haukufutika. Askari wangu anasogea, anasogea tena, na farasi nyuma yake anamlinda. Kumbe kulikuwa na njia nyingine muda wote, mie sikuiangalia. Nimefumbua macho, hakuna wa kumwambia. Nimembusu mtoto.

Wifi anaita kutoka uani. Kachoka na zile nywele, anataka nimfumue, nimsuke nyingine. Leo namwambia kabla sijashika kitana: mashindano ya mwisho wa mwaka, utakaa na Rahma au hukai? Akikubali, sawa. Akikataa, simnunii, nawahi mapema kwa mama Salma, na mama Salma naye akikataa, basi nam...

Anaita tena, nakuja.