Shadya Ameanza Kuongea

Kitongoni, Ujiji,
S.L.P. 417,
Kigoma.
11 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Nuhu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na mkeo na watoto, na kwamba kile kifua chako kimetulia. Sisi hapa hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama miguu inamsumbua, hasa mvua zikinyesha, lakini anakula vizuri na anasali kwa kukaa. Mimi niko na biashara yangu ya mawese, siku zinakwenda.

Ziwa limejaa mno. Ule ufuko tuliochezea utotoni umeliwa na maji, na wanaoanika dagaa wamerudi nyuma mpaka karibu na nyumba za watu. Ungekuja leo ungeuliza njia.

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika penye uchungu, mtandao unakuwa mbovu. Karatasi haikatiki.

Juzi Ijumaa uliniuliza kama mwanao ameanza kuongea. Ameanza, Nuhu. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Tulipoambiwa hospitali kuwa Shadya ni kiziwi, ulikuwa bado uko nyumbani. Wewe ulisema binadamu huzaliwa na lugha ndani yake kama anavyozaliwa na meno, muda ukifika itachomoza yenyewe. Bamdogo Hamdani akakataa. Yeye alisema, "Lugha inaingilia masikioni. Huyu mlango wake umefungwa, mtamfundisha nini?" Mkabishana Ramadhani nzima, kila baada ya futari, kwa maneno mazuri ya kisomi. Mmoja akasema tungoje, mwingine akasema tusijisumbue. Mtoto alikuwa amekaa mkekani kati yenu, anatazama midomo.

Kisha ukasafiri, ukatuachia amri moja. Asizoeshwe ishara za mikono, maana akizoea mikono ulimi utalala. Mama akaitii, kwa kuwa wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Shadya akionyesha mtungi, Mama alimfunika mikono kwa kanga na kumngoja aseme maji. Mtoto alilia mpaka akachoka. Nikimnywesha uani kwa kuibia, naambiwa namharibu kwa huruma yangu. Na wewe kila ukipiga simu unauliza, bado tu?

Mwaka ule Safina, mama yake Shadya, alipougua, alitaka auguzwe kwa mama yake, kule kusini, Buhingu. Tulimpandisha boti ya injini hapa hapa Ujiji, Shadya amesimama majini ananishika nguo. Safina alimpungia mkono. Hakurudi, na alizikwa huko huko. Wewe ulituma rambirambi. Tuliolia tulilia, waliosoma khitma walisoma. Kwa mtoto hakuna aliyekuwa na neno la kumpa, maana tulikatazwa hata la mikono.

Tangu hapo akawa kila boti ya kusini ikitia nanga anatoroka kwenda ziwani. Watoto wa mtaani wanamwita bubu, wanamrushia mchanga, haondoki. Tulidhani anapenda boti. Mama alimchapa kwa hilo, nami nikawa naenda kumrudisha.

Sasa, mwaka juzi mwanamke anayeniletea mawese kutoka Mwandiga, anaitwa Marcelina, alikuja na binti yake Honorata. Naye ni kiziwi, rika moja na Shadya, hajawahi kupelekwa shule. Tukawaacha uani na kuendelea kupima mafuta. Niliposikia kimya kimezidi nilitoka kuwatazama. Walikuwa wamekaa magoti kwa magoti, mikono inakwenda.

Marcelina akawa anakuja naye kila siku ya gulio. Wale watoto wakajitengenezea maneno yao. Kupiga kidole mkononi ilikuwa mvua. Kushika kiuno ilikuwa mimi, kwa vile nikichoka nasimama hivyo. Baadaye wakaanza kuunganisha, mvua, mimi, kukimbia, wakacheka, nikajua nasengenywa ndani ya nyumba yangu. Hakuna mtu aliyewafundisha. Kwa hiyo kwenye ule ubishi wenu ulikuwa na haki, Nuhu, lugha alizaliwa nayo. Ilikuwamo ndani muda wote. Ilikuwa inangoja mtu wa kuongea naye, na sisi watu wazima wote tulikuwapo.

Nilimpeleka kwenye shule moja ya mjini yenye darasa la viziwi. Nilimpeleka bila kukuuliza, na Mama alininunia mwezi mzima. Mwalimu wao, Gervasi, mtu wa Kasulu, alimpima kwa michezo na picha. Aliniambia ana akili nyingi, ila amecheleweshwa. Maneno anayadaka, lakini kuyapanga yawe habari ndefu inamtesa, na huenda itamtesa maisha yake yote. Nikamuuliza kama ni ugonjwa. Akasema, "Hapana, mama. Ni miaka. Lugha huota mizizi utotoni, na utoto wake umepita mikono ikiwa imefunikwa." Nilirudi Ujiji nimekaa nyuma ya bodaboda, machozi yananikaukia usoni kwa upepo.

Mwezi wa Novemba Shadya alikuja na swali. Aligusa pua pale Safina alipokuwa akivaa kipini. Akafanya boti. Akaonyesha kusini, kisha akakunjua viganja, lini?

Nuhu, nilikaa chini. Miaka yote hiyo hakuwa anapenda boti. Alikuwa anamngoja mama yake.

Mikono yangu ilikuwa haijui kusema kitu kama hicho, nikamwita Mwalimu Gervasi. Akaja nyumbani Jumamosi. Alimwambia taratibu, mama aliugua, mama alikufa, mama yuko kaburini Buhingu. Shadya hakulia. Aliuliza ni zamani au juzi. Akaambiwa zamani, ulipokuwa mdogo. Ndipo akanigeukia mimi, akaniuliza kwa alama ambayo naielewa vizuri, "Ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bibi alijua?"

Nikaitikia. Akauliza na baba, nikaitikia. Akaingia ndani, akalala akiwa ameelekea ukutani mpaka kesho yake. Ziwani hajaenda tena. Boti ya kusini ikiingia, mimi ndiye ninayeshtuka.

Usiniandikie kwamba ulikusudia mema. Najua ulikusudia mema, na ndiyo maana inaniuma. Wewe unakula kwa kufasiri. Unakaa kati ya Waarabu na Wazungu, hawa unawapa ya wale na wale ya hawa, nao wanaelewana. Mwanao wa kumzaa hukumfasiria hata kifo cha mama yake.

Ijumaa ile ulipopiga simu ya video, ulimng'ang'ania aseme Baba. Ulipanua mdomo, ukapaza sauti, ukarudia. Alikutazama kwa adabu mpaka ukakata. Kisha akaniuliza jambo, nikadhani sikumwelewa, akarudia polepole. Alikuwa anauliza, yule baba, hakuwahi kufundishwa kuongea?

Nikamjibu, bado.

Salamu nyingi kwa wifi na watoto. Bamdogo Hamdani anakusalimu, siku hizi masikio yake yamekuwa mazito, anamshika mtu mkono kila anapoongea naye. Mama anakuombea dua kila sala. Marcelina naye anasalimu, ingawa hamjuani. Salamu za Shadya sikuziweka humu, haziandikiki. Ukizitaka, mtafute huko Maskati mtu wa kukufundisha mikono.

Mungu akuhifadhi ugenini na akulainishie moyo.

Mimi dada yako wa tumbo moja, nisiyeweza kuacha kukupenda,

Mwanakombo