Kitambaa Juu ya Redio

Same, 9 Februari 1989

Dada Asteria, shikamoo.

Maharage yamefika salama, na joto la huku halijapungua. Nakuandikia kwa sababu nimechukizwa, na hapa ofisini sina wa kumwambia.

Unaijua redio yetu ya kuongea na zahanati za milimani, ile aliyotuachia yule padri mpenda redio. Alinifundisha kwamba inapotuma sauti huchemka, kwa hiyo niongee dakika moja, niipumzishe, na matundu ya juu yasizibwe kamwe. Mwezi uliopita bosi alileta kitambaa alichofuma mkewe, chenye maua mekundu, akaifunika ili wageni wasione chuma kitupu. Nilimwambia inahitaji kupumua. Akacheka mbele ya watu: "Inapumua? Basi binti, ipeleke hospitali!" Kila alipotoka niliifunua.

Jumatatu nililala na homa. Bosi aliongea nayo mwenyewe nusu saa nzima, kitambaa juu, akimwagiza mganga wa zahanati yenu ya Chome amtafutie mbuzi. Ikaungua. Nyuzi zimeyeyukia kwenye chuma na chumba kinanuka hadi leo. Mkipata mgonjwa huko, hamna tena wa kumwita.

Sasa ameniandikia barua ya kukiri kwamba niliiacha ikiwaka. "Saini tu, binti, wewe bado kijana." Mkewe anafuma kingine. Nimemrudishia barua yake bila saini.

Ukiniona Chome na begi langu wiki ijayo, tafadhali usiniulize mbele ya mama.

Mdogo wako,
Raheli