Poda ya Sendofu

Amani, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa mezani, nikapiga na goti kidogo, ingawa hunioni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na maharage yameshaanikwa. Sisi hatujambo. Mume wangu Alen anaendelea na kazi kwenye shamba la chai, naye anakuamkia kwa heshima zote.

Huku nikifungua dirisha asubuhi, ukungu unaingia bila hodi na kukaa kitandani, na kwa muda sijui kama nimeamka au bado naota. Katika muda huo nauona uso wako ulivyonitazama siku ya sendofu, tulipoagana kabla ya harusi.

Nimepiga simu, hupokei. Jirani yetu Tobia ananiambia huumwi, ila ukisikia ni mimi unakumbuka ghafla kuni zilizo nje. Sababu naijua. Shangazi Sesilia amesambaza Lukozi nzima kwamba Janeth aliagwa macho makavu. Nilimsikia mwenyewe akiuliza, mbele ya meza kuu, kama nimepakwa poda au saruji. Watu walicheka. Wewe hukucheka. Binti akiagwa bila chozi, watu wanamtazama mama yake na kujiuliza alimlea vipi.

Nivumilie basi nikueleze habari ya hiyo poda. Unaijua kazi yangu ya kupamba maharusi pale Lushoto, ile uliyoniuliza kama ndiyo niliyoiendea chuo kikuu. Siku yangu nilitaka kujipamba mwenyewe, na nilijua nitalia, kwa kuwa tangu baba afariki tumekuwa wawili tu. Bibi harusi akilia, machozi huchora mifereji mashavuni, na picha ile hukaa ukutani maisha yote. Nikatafuta poda itakayoishika mekapu hata kwa machozi.

Ile nyeupe ya unga ni laini mno, lakini taa ya kamera ikimulika, utadhani umeangukia kwenye unga wa muhogo. Ile iliyoshindiliwa kwenye kikopo chenye kioo haielewani na baridi yetu. Inakaa juu ya ngozi kavu kama vumbi la kule tambarare, Mnazi, na kujikusanya chini ya macho. Ya manjano ndiyo iliyonikubali. Ukiikandamiza kwa sponji yenye unyevunyevu, bila kusugua, kisha ukapuliza spreyi ya kushikiza, inatulia mpaka unasahau kuwa ipo. Lakini machozi je? Hidaya, mwenzangu wa saluni, alinishauri nijinyunyizie maji ya bomba. Nikamwambia maji ya bomba hayana chumvi. Akacheka, akasema mwalimu wa kemia keshaamka, basi nikalie mwenyewe.

Nikalia, mama. Asubuhi ukishakwenda shambani, nilijipaka, nikaketi dirishani penye mwanga, nikakuwaza. Nilikuwaza ukirudi na mzigo wa kabichi na kukuta paa halifuki moshi. Ukipakua sahani mbili kwa mazoea. Ukiniita ndani ya ukungu na kuitikiwa na mbuzi. Machozi yakija niliyatazama kwenye kioo yakiteremka polepole, kama ya mtu mwingine, nikichunguza yamebeba nini. Nikabadilisha spreyi, nikalia upya. Nikaongeza poda, nikalia tena. Hatimaye asubuhi moja yaliteleza yote bila kuacha alama, nikashangilia peke yangu kama niliyefaulu mtihani.

Halafu siku ikafika. Mshereheshaji akaniita nije nikuage. Nikakushika mikono, na wewe ulikuwa umeshaanza kulia. Nikangoja yangu. Nilikuwa kama mtu anayeteka kisimani na kusikia ndoo ikigonga mawe.

Mama mkwe ananishauri nikwambie kwamba nililia, ila poda ikayaficha machozi. Ni uongo mzuri, na ungeuamini, maana poda yenyewe ipo na picha zipo. Lakini siwezi kukupa huo. Ukweli ni kwamba sikulia, mama. Machozi ya kukuaga nilikuwa nimeyamaliza pale dirishani, nikiyapima kama dawa. Nilikuaga asubuhi nyingi, zote wewe hupo. Ulipokuwepo, nikakuletea uso uliokamilika.

Siandiki ili unisamehe haraka. Naandika usije ukadhani kukuacha kulikuwa kwepesi kwangu.

Alen amekubali nije Jumamosi, nikae mpaka maharage yaingie ghalani. Msalimie Tobia na watu wote wa kanisani, na Shangazi pia. Sina kinyongo naye. Nakuombea afya na usingizi mwema. Ombi langu ni moja tu. Nikifika, usinikaribishe sebuleni ukanipa kiti kama mgeni. Nitume maji kabla sijaketi, na nikichelewa, nikaripie.

Ni mimi binti yako,
Janeth