Magunia Mawili ya Nyasi

Ohio, 12 Juni 1999

Nadine mwanangu,

Hamjambo huko Oregon? Mkwe wangu na mgongo wake wanaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa goti.

Ukoka wa mbele ya nyumba ulikuwa umeniaibisha. Magugu na maua ya njano yalijaa mpaka Stan wa ng'ambo ya barabara akaniuliza, "Verlin, umeanza kufuga ng'ombe?" Nikaenda dukani. Dawa moja inaua kila kilicho kijani, hata ukoka wenyewe. Nyingine inaua mimea ya majani mapana tu, nyasi inaziacha. Nikachukua hiyo ya pili, tena ile kali inayodumu msimu mzima. Sasa njoo uone zulia! Stan haulizi tena habari za ng'ombe.

Nyasi nilizokata nimempa jirani yetu Halina, magunia mawili, atandaze kwenye nyanya zake kama kila mwaka. Safari hii amepanda mbegu zote zilizobaki za marehemu mama yake. Anasema zimezeeka, hakuna kungoja tena. Anakusalimu.

Baba yako

Ohio, 9 Julai 1999

Mwanangu,

Picha zimefika, asante. Afya ipo, raha ndiyo hamna.

Nyanya za Halina zimekufa zote, majani yamejikunja kama ngumi. Nilipoona hivyo nikavaa miwani, nikasoma lebo ya chupa. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: nyasi zilizopigwa dawa hii zisitandazwe kwenye mboga.

Kesho yake Halina akaniita uani. "Ni sigara zangu, eti? Wanasema mvutaji huambukiza nyanya ugonjwa wa tumbaku kwa mikono."

Nikasema, "Huenda."

Sasa ananawa kwa maziwa kabla ya kugusa mmea wowote, maana wakulima wa zamani husema maziwa huua ugonjwa huo. Chupa nimeificha nyuma ya makopo ya rangi. Naona haya, Nadine. Usimwambie mtu.

Baba yako

Oregon, 20 Julai 1999

Baba,

Sote wazima, mgongo umepona. Wewe ndiye unayenitia wasiwasi.

Mama wa miaka sabini na moja ananawa maziwa kwa kosa lako! Nilipovunja dirisha lake nikiwa na miaka minane, ulinishika mkono mpaka mlangoni kwake ukaniambia, "Sema mwenyewe." Umesahau?

Humu bahashani mna mbegu kumi na moja za nyanya zile zile za mama yake. Bi Halina alinipa nilipoolewa, nami sikupata bustani. Usimpe kabla hujasema. Ukimpa kimya atakushukuru, na hiyo shukrani itakuwa wizi.

Binti yako

Oregon, 3 Novemba 1999

Baba, hujambo? Mbona kimya? Mbegu ziko wapi?

Binti yako

Ohio, 28 Juni 2000

Nadine mwanangu,

Natumai mu wazima. Sikuandika kwa sababu sikuwa na uso. Mbegu zilikaa kwenye droo ya soksi majira yote ya baridi.

Mwezi wa Machi nilimwona Halina dirishani akimimina maziwa kwenye bakuli, ili aguse miche ya maua tu. Nikavuka. Nikasema mwenyewe: nyasi, lebo, ile "huenda" yangu. Chupa nikaiweka mezani, na mbegu ulizotuma kando yake.

Akaigeuza chupa, akasoma lebo. Kisha akauliza, "Siku ile uani, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Nilikwenda kaburini kumwomba mama msamaha, Verlin. Kwa sababu ya sigara."

Akachukua mbegu, akanifungulia mlango nitoke. Hajasema nami tangu hapo, na sina wa kumlaumu.

Alipanda kwenye ndoo, kwa udongo mpya. Zimeota nne. Mimi dawa nimeacha, ukoka umerudia maua yake ya njano, na Stan anauliza ng'ombe wanafika lini. Namwacha acheke.

Jana asubuhi Halina alitoka na sigara mdomoni. Hakunitazama. Aliinamia ndoo ya kwanza, akashika jani kwa mkono mkavu.

Baba yako