Mkate wa Viazi vya Mama Mkwe

Mama Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kutoka hapa Malaba, na kabla sijaomba msaada wako wacha nikuambie kwamba mimi ni mtu mwenye furaha, shukrani zimenijaa mpaka sijui nizipeleke wapi, na hiyo ndiyo shida yangu.

Mimi naoka mikate karibu na stesheni, nina tanuri moja na wafanyakazi wawili, wateja wangu ni madereva wa malori na mataniboi wao na watu wa reli, na kwa miaka sita unga wangu wote wa ngano ulikuwa ukija kwa treni kutoka kwa mtu mmoja anaitwa Josphat, sikuwa na mwingine wala sikutafuta mwingine, basi ile mvua ya mwaka jana ikaja, wewe unaijua, reli ikakatika, barabara ikawa matope, unga ukakaribia kuisha, tanuri likapoa, madereva waliokwama wanagonga mlango wakitaka mkate, na mimi nimekaa siku tano nikiangalia reli.

Siku ya sita mke wangu Rosebella akaniambia, "Baba Nasimiyu, unangoja treni na kwetu Moding ghala imejaa?" Ghala yenyewe ni ya amukeke, vile viazi vitamu ambavyo Wateso hukata vipande na kuanika juani vikae miezi na miezi, na nakiri kwamba mimi Msamia nilikuwa nikivicheka, nikiviita chakula cha njaa, nikamkataza Rosebella asivilete karibu na tanuri langu, tena mwenye ghala ni mama mkwe, na kwa mila za kwetu na za kwao mimi na yeye hatuonani uso kwa uso, nikienda Moding akisikia viatu vyangu anakohoa ndani ya nyumba, nami najua nipite njia nyingine, sasa mtu wa namna hiyo ningemwombaje chakula?

Sikuomba. Rosebella alienda kwa miguu, akarudi na gunia kichwani na wanawake watatu nyuma yake, akasaga, akachanganya na ule unga kidogo wa ngano uliobaki, mkate wa kwanza ukatoka kama tofali, wa pili vilevile, wa tatu ukaumuka, mweusi kidogo lakini mtamu, madereva wakaula wakauliza kama uko mwingine, na kwa wiki saba mama mkwe akatuma gunia baada ya gunia bila kusema neno ila moja tu: "Mwambieni mkwe asizime moto."

Mama, nikikumbuka neno hilo machozi yananitoka. Sasa treni zimerudi, Josphat amekuja na kusema, "Boss, chagua, unga wangu peke yake kama zamani, ama utafute kwingine," na wafanyakazi wangu nao wamechoka kusaga viazi. Nirudi kwa ngano tupu? Na nitamshukuruje mtu ambaye nimekatazwa kumtazama? Natamani niende tu nimshike mkono, hata wazee wakikasirika. Nisaidie.

Bwire, Malaba


Bwire mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili na imenifurahisha, maana wengi wakishasaidiwa husahau. Lakini siku tano, Bwire? Una tanuri, una kuni, una watu wa kazi, halafu unakaa kuangalia reli. Usiilaumu mvua. Ni wewe uliyetegemea mlango mmoja miaka sita.

Josphat si adui, nunua kwake. Mwambie tu kwa heshima kwamba hutachagua, na akinuna, wauza unga wapo hata Bungoma. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wako ni ile ghala ya mama mkwe. Amukeke ya Moding uichukue kila wiki, na uilipie. Kila Alhamisi oka mkate wa viazi hata kama ngano imejaa stoo, ili hao wafanyakazi waliochoka wasisahau kiasi cha maji na hamira, la sivyo mafuriko yakirudi mtaanza tena na matofali. Weka na magunia ya mwezi mzima mahali pakavu. Akiba haiozi.

Mama mkwe usimshike mkono. Wewe utapata furaha na yeye atapata aibu, sasa hiyo itakuwa shukrani ya nani? Nenda Moding mchana, beba mkate na blanketi jipya, simama nje ya ukuta wa nyumba yake, useme. Mila zenu zinakataza kuonana, sijasikia zikikataza kusemea ukutani. Mwambie uliicheka amukeke na ulikosea. Akikohoa, safari hii usigeuze njia. Maliza kusema.

Na sasa nakugombeza. Umeandika shukrani kurasa mbili. Nani alitembea mpaka Moding? Nani alibeba gunia, akasaga, akaharibu mikate miwili na bado akaanza wa tatu? Nimetafuta mahali ulipomwambia Rosebella asante, sikupaona. Mkono wa mama mkwe umekatazwa. Wa Rosebella haukukatazwa, na uko hapo nyumbani kwako. Ushike kesho asubuhi, kabla hujawasha tanuri.

Mama Milka